MZEE ANATAKA KURUDI KWENYE BAISKELI: NAMNA YA KUCHAGUA HAPA MWANZA



Leo siasa pembeni, mpira pembeni. Tuongee baiskeli. Na siyo ya mashindano wala ya mtoto wa shule. Naongelea baiskeli ya mtu mzima aliyeendesha zamani, akaacha miaka 15, 20 au hata 30, na sasa anataka kurudi ili aende nayo kibaruani, sokoni, kanisani, msikitini au kliniki.

Najua wengi mnaosoma hapa ni vijana wa kafe kama mimi, na mtu anaweza kusema "hiyo hainihusu". Inakuhusu sana tu. Mzee akishaamua anataka baiskeli, anayetumwa mjini kuulizia bei ni nani? Ni wewe. Na ukimletea ya ovyo, atakayeanguka ni yeye.

Mimi yamenikuta. Baba yangu ni mwalimu mstaafu, ana miaka 62, tunakaa Igoma. Miaka ya 80 alikuwa anafundisha vijiji vya Magu na alikuwa na Swala yake, zile baiskeli zilizokuwa zinatengenezwa hapa hapa nchini, Dar es Salaam. Alipohamia mjini akaiuza, akawa mtu wa daladala. Alipostaafu presha ikapanda, daktari akamwambia afanye mazoezi, akasema: "Nitafutieni baiskeli." Tangu siku hiyo nimezunguka maduka na magenge ya mafundi mpaka nimekuwa kama dalali. Haya ninayoandika ndiyo niliyoyakusanya, ili wewe usizunguke kama mimi.

Kwa kifupi, kama dakika zako za kafe zinaisha: watu wengi wanaanza na rangi na jina la baiskeli. Anayerudi baada ya miaka mingi aanze na vitu vitatu, yaani MWILI wake, NJIA yake na FUNDI wake. Baiskeli ni ya nne. Kama bado una muda, twende taratibu.

KWANZA TUMALIZE LA AIBU

Huku kwetu mzee akionekana kwenye baiskeli maneno hayakosi. "Watoto wake wamemtupa." "Kiinua mgongo kimeisha." Shangazi yangu yeye aliambiwa mwanamke mtu mzima hapandi baiskeli, wakati amekulia Ukerewe na kule baiskeli ni miguu ya watu.

Tukumbuke tulikotoka jamani. Usukumani enzi za pamba, mtu akiuza vizuri alikuwa anawaza bati na baiskeli. Baiskeli ilikuwa heshima. Iligeuka alama ya umaskini pikipiki zilipojaa, lakini barabara haijui hayo. Mpaka leo asubuhi ukipita Mwaloni Kirumba utakuta baiskeli zinabeba mizigo ya dagaa na samaki ambayo wewe kijana ungeomba bajaji.

Nalisema hili mapema kwa sababu aibu inaharibu uchaguzi. Mzee akiona aibu atataka baiskeli ya "kisasa" inayong'aa ili watu wasimcheke, hata kama haimfai. Ndivyo ilivyoanza kwa baba.

1. MWILI

Wanasema baiskeli haisahauliki. Ni kweli, mizani ya mwili inarudi ndani ya siku chache. Lakini kichwa kinakumbuka ujana, na goti ni la leo. Kabla ya kuangalia baiskeli yoyote, mwangalie mpandaji.

a) Afya. Kama ana presha, kisukari, moyo au aliwahi kuvunjika, apime na aongee na daktari kwanza. Bugando wapo, Sekou-Toure wapo, na vituo vya afya vya kata vinapima presha. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima, hata waliopita miaka 65, wafanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Nusu saa ya baiskeli siku tano tayari ni dakika 150. Na uzuri wa baiskeli ni kwamba uzito wa mwili unabebwa na siti, kwa hiyo magoti hayapigwi kama kwenye kukimbia.

b) Kupanda na kushuka. Hapa ndipo wazee wengi wanapoangukia. Tulipoanza kutafuta, baba aliazima Phoenix ya jirani ili ajipime. Kuendesha aliendesha bila shida. Pale Buzuruga daladala ikasimama ghafla mbele yake, akafunga breki vizuri, ila mguu ukakwama kwenye bomba la juu na ule mwingine haukufika chini. Akaanguka kiubavu, akateguka kiganja, wiki tatu akawa anaandika kwa shida. Kwa hiyo baiskeli ilikimbia sawa na ikasimama sawa, tatizo lilikuwa kuishuka.

Somo: mtu mzima achukue fremu yenye bomba lililoshuka chini, ile ambayo vijana wanaiita "ya kike". Haina jinsia hiyo. Ni fremu ya mtu yeyote ambaye nyonga haifunguki kama zamani, au amevaa kanzu, gauni au kitenge. Akisimama juu yake, nyayo zote mbili zikae chini bila kuhangaika.

c) Siti. Kipimo rahisi: akae kwenye siti, aweke KISIGINO kwenye pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke. Halafu akiweka sehemu ya mbele ya wayo (ndiyo ya kuendeshea), goti litakuwa limekunjika kidogo. Siti ikiwa chini sana goti linakunjika mno na linaanza kuuma. Ila kwa wiki mbili za kwanza shusha kidogo ili miguu ifike chini kirahisi, kisha pandisha taratibu kadiri anavyozoea.

d) Usukani. Uwe juu kidogo kuliko siti, mgongo ukae wima. Mtu mzima akiinama kama wa mashindano, shingo na viganja vinalalamika, na pia haoni vizuri barabarani.

2. NJIA

Chukua karatasi, andika anakwenda wapi kila siku, kilomita ngapi, na kuna mlima gani. Mwanza siyo mji mmoja kwa mwendesha baiskeli.

- Barabara ya Makongoro kwenda Kirumba, Pasiansi mpaka uwanja wa ndege (kama kilomita 10 kutoka mjini): sehemu kubwa ni nyepesi kwa miguu.
- Barabara ya Nyerere kwenda Mabatini, Nyakato, Buzuruga mpaka Igoma na Kisesa: magari mengi, malori ya Musoma, daladala zinazoingia na kutoka kituoni kila saa.
- Barabara ya Kenyatta kwenda Mkuyuni, Nyegezi na Buhongwa: nayo ndiyo njia kuu ya Shinyanga, mabasi na malori yapo.
- Milimani: Bugando, Isamilo, Bugarika, zile nyumba za juu ya mawe. Hapa hata kijana anashuka anasukuma. Na kusukuma siyo dhambi!

Kama nyumbani ni mlimani na kazi iko tambarare, amua kabisa kwamba ile sehemu ya mwisho mzee atasukuma. Ukikubali hilo, huhitaji baiskeli ya gia 21.

Kitu kingine ni upepo. Pembezoni mwa ziwa, mchana upepo kwa kawaida hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka. Mtu anayetoka mjini jioni kuelekea ndani anaweza kusukumwa kidogo na upepo, na anayerudi kuelekea ziwani anapambana nao. Ndugu zetu wa Sengerema ambao sasa wanavuka kwa daraja la Kigongo-Busisi (lilifunguliwa Juni 2025, urefu kama kilomita 3 juu ya maji) watakuwa mashahidi. Juu pale hakuna mti wa kukukinga.

Halafu mvua. Vuli ni Oktoba hadi Desemba, masika ni Machi hadi Mei. Kama sehemu ya njia ni udongo, tairi nyembamba zitakutesa.

3. FUNDI

Hili watu wanaliruka, na ndilo linaloamua kama baiskeli itadumu au itakuwa ya kutundikia nguo.

KABLA ya kununua, nenda kwa fundi wa karibu na nyumbani, yule wa chini ya mti mwenye pampu na beseni la maji. Usimuulize "baiskeli gani nzuri?" Muulize: "Leo hii una spea za baiskeli gani kwenye boksi lako?" Angalia mwenyewe tairi zilizotundikwa, tyubu, spoku (wengine mnaziita njiti), raba za breki, gololi. Zilizotundikwa ndizo zinazouzika, na zinazouzika ndizo zitakazopatikana pia Magu, Misungwi, Nansio na Sengerema.

Baiskeli yenye sifa kubwa ambayo spea yake inaagizwa Dar ni mzigo. Mtu wa miaka 60 hatasukuma kilomita 8 kwa sababu ya tyubu.

4. AINA ZILIZOPO SOKONI

A) Zile nyeusi za zamani: Phoenix na Flying Pigeon za China, Hero na Avon za India, na ndugu zao.
Faida: chuma kigumu, keria ya kubeba gunia, kila fundi anaijua akiwa amefumba macho, spea kila mahali.
Hasara: nzito, nyingi zinafika kilo 20 na zaidi. Nyingi hazina gia. Bomba la juu liko juu (ingawa zipo zenye bomba la chini, uliza). Breki zake za vyuma nitazisema hapo chini.
Inamfaa: mwenye mzigo na njia tambarare, na bado ana miguu.

B) "Mauntini" mpya, zenye gia nyingi na shokapu.
Faida: gia nyepesi za mlimani, tairi nene za vumbi, breki zinazokamata.
Hasara: zile za bei rahisi zinadanganya macho. Shokapu yake inaongeza uzito na ikishika kutu haifanyi kazi. Baba alinunua ya hivi kwenye duka moja mjini (jina naliacha), inang'aa kama kioo. Mwezi wa tatu pedali ikaanza kucheza, gia zikawa zinaruka, shokapu ikakauka. Tukaiuza kwa hasara. Pia nyingi hazina madigadi, keria wala kava la cheni, na hivyo ndivyo mtu wa kwenda kazini anavyovihitaji.
Inamfaa: anayekaa kwenye vumbi na mlima, akipata isiyo na shokapu na yenye vyuma imara.

C) Mtumba wa Japan na Ulaya.
Faida: hizi zilitengenezwa kwa ajili ya watu wazima kwenda sokoni na stesheni. Bomba la chini, usukani wa juu, madigadi, kava la cheni, stendi, kikapu, mara nyingi na taa ya dainamo. Nyingine zina gia tatu zilizofichwa ndani ya tairi la nyuma, hazipigwi na vumbi, na unabadilisha hata ukiwa umesimama. Kwa mtu mzima asiyependa kuhangaika hiyo ni raha tupu.
Hasara: ni mtumba, lazima ukague. Na kuna mtego wa tairi, soma namba 5.
Inamfaa: wazee wengi wa mjini. Baba ndiyo anayopanda sasa. Shangazi naye, yeye anatoka Kirumba na kikapu chake.

D) Za betri.
Zimeanza kuonekana Tanzania, na kwa milima ya Mwanza wazo ni zuri: moyo haulipuki. Lakini uliza maswali matatu. Betri ikifa inapatikana wapi na kwa bei gani? Fundi gani hapa anaifungua? Na betri ina nguvu kiasi gani? Zidisha volti kwa ampea-saa: volti 36 mara 10 ni wati-saa 360. Muuzaji akishindwa kukujibu hayo, ondoka. Betri ikiisha njiani utasukuma chuma kizito kuliko Phoenix.

5. MTEGO WA TAIRI "26"

Hapa naomba usome polepole maana wengi wameliwa.

Mtu anakwambia "hii ni 26, tairi zipo kibao". Siyo 26 zote zinafanana! Tairi ya mauntini imeandikwa 26 x 1.75, 26 x 1.95 au 26 x 2.125. Tairi ya mtumba mwingi wa Japan imeandikwa 26 x 1 3/8. Zote zinaitwa 26, lakini rimu zake ni tofauti na HAZIINGILIANI. Namba sahihi ni ile ndogo iliyochapwa pembeni mwa tairi, yenye kistari. Namba ya mwisho ndiyo kipenyo cha rimu kwa milimita:

- Mauntini ya 26: inaishia na 559
- Japan 26 x 1 3/8: inaishia na 590
- Phoenix, Hero na wenzake wa 28 x 1 1/2: inaishia na 635
- Zile za 700C za Ulaya: inaishia na 622

Andika namba hiyo kwenye simu, mpelekee fundi wako. Akisema anayo au anajua duka linaloiuza, endelea. Akikuna kichwa, basi nunua tairi mbili na tyubu mbili za akiba siku hiyo hiyo, au acha baiskeli.

Angalia na vali ya kujazia upepo. Nyingine zinakubali pampu ya kawaida ya fundi, nyingine ni nene kama ya gari, nyingine ni nyembamba ndefu za Ulaya. Ile nyembamba ndefu inahitaji kichwa chake cha pampu, na mafundi wengi wa mtaani hawana.

6. BREKI

Mwanza ni mji wa miteremko. Kwa hiyo breki kwanza, mwendo baadaye.

Breki za vyuma za zile nyeusi ni ngumu kuharibika, lakini zikikutana na rimu ya chuma iliyolowa, zinachelewa sana kukamata. Teremka Bugando na mvua ya masika halafu uniambie. Rimu ya alumini inakamata vizuri zaidi ikilowa. Utaijuaje? Chukua sumaku ndogo, hata ya spika iliyokufa. Ikinasa ni chuma, isiponasa ni alumini.

Breki za waya zinazobana pande mbili ni nzuri na raba zake ni rahisi kubadilisha. Mtumba wa Ulaya mwingi una breki ya miguu, unapiga pedali kurudi nyuma. Ni nzuri kwa mwenye viganja dhaifu, ila lazima pawe na breki nyingine ya mkono mbele. Cheni ikikatika, breki ya miguu nayo imekufa.

Mpe mzee ashike breki mwenyewe. Kama vidole vyake havifiki au hana nguvu ya kubana, hiyo siyo baiskeli yake, hata kama wewe unaibana vizuri.

7. HESABU YA GIA

Hii ni kwa wale mliopenda hesabu. Hesabu meno ya mbele, gawa kwa meno ya nyuma. Phoenix yenye meno 44 mbele na 18 nyuma: 44 ÷ 18 ni kama 2.44. Yaani pedali ikizunguka mara moja, tairi inazunguka karibu mara mbili na nusu, na kwa tairi ya 28 umesogea kama mita 5 na nusu. Kwa kijana sawa. Kwa goti la miaka 60 kwenye mlima ni adhabu.

Mwambie fundi abadilishe duara la meno la nyuma, aweke la meno 22 kama lipo. Sasa ni 44 ÷ 22, yaani 2. Kila mzunguko unasogea kama mita 4 na nusu. Unapoteza mwendo kidogo, mlima unakuwa mwepesi. Cheni inaweza kuhitaji kuongezwa pingili. Hiyo ndiyo njia ya bei nafuu ya kumsaidia mzee mwenye baiskeli ya zamani asiyetaka kuiacha.

Kwa zile za gia tatu za ndani, gia ya kwanza kwa kawaida inapunguza uzito kwa karibu robo ukilinganisha na ya pili. Kwa barabara zetu za kawaida inatosha.

8. KUKAGUA MTUMBA KABLA YA KULIPA

Nenda mchana, siyo jioni. Nenda na fundi wako, mlipe soda na muda wake.

- Geuza juu chini, zungusha tairi. Rimu ikiyumba sana, spoku zimelegea au imepigwa.
- Shika pedali uitikise kulia kushoto. Ikicheza, gololi zimekwisha au ekseli imelegea.
- Pitisha kidole pale mabomba yanapoungana, hasa nyuma ya usukani. Ukikuta mkunjo au rangi iliyopasuka, fremu ilishagonga. Acha.
- Kuwa makini na rangi mpya juu ya kutu. Wanapaka vizuri hao!
- Jaribu gia zote, huku mtu ameipanda.
- Tafuta namba iliyogongwa kwenye fremu, mara nyingi chini ya pedali. Andika kwenye risiti pamoja na jina la muuzaji. Kama namba imesuguliwa ikafutika, ondoka. Hutaki mzee wako aitwe polisi kwa baiskeli ya wizi.
- Mwisho kabisa mpandaji MWENYEWE aipande, asimame, ashuke, apande tena mara kumi. Siyo wewe kijana umjaribie.

9. VITU VYA KUONGEZA

Usimalize hela yote kwenye baiskeli. Bakiza ya hivi:

- Taa ya mbele nyeupe na ya nyuma nyekundu. Huku kwetu karibu na saa moja jioni giza linaanza kuingia.
- Kioo cha usukani. Shingo ya mtu mzima haigeuki haraka, na daladala hazisubiri. Tukiwa tunaendesha kushoto, kioo kikae upande wa kulia.
- Kengele, na helmeti inayokaa kichwani sawasawa.
- Kava la cheni, na neti pembeni ya tairi la nyuma kwa wanaovaa gauni, kanzu au kitenge.
- Kufuli la maana. Ufunge fremu pamoja na tairi, siyo tairi peke yake.
- Keria au kikapu. Mfuko kwenye usukani unaingia kwenye spoku, na hapo ndipo mtu anaruka mbele.

10. HELA

Piga hesabu ya nauli yenu wenyewe. Tuseme ni shilingi 600 kwenda na 600 kurudi, siku 24 kwa mwezi: 600 x 2 x 24 = 28,800. Kwa mwaka ni 345,600. Toa hela ya pancha, raba za breki na mafuta ya cheni. Kinachobaki ndicho baiskeli inachokurudishia. Kama mzee anapanda bodaboda, hesabu inakuwa kubwa zaidi.

Ila naomba nisiwadanganye: siku za mvua kubwa atapanda daladala, na siku akijisikia vibaya pia. Hesabu siku 16 badala ya 24 na bado inalipa.

11. WIKI ZA KWANZA

Wiki ya kwanza: uwanja wa shule au barabara ya mtaa, dakika 10 hadi 15, kupanda na kushuka, kutazama nyuma bila kuyumba, kuendesha kwa mkono mmoja ili aweze kuonyesha ishara.

Wiki ya pili: njia nzima ya kazini, lakini Jumapili asubuhi magari yakiwa machache. Aende nayo mara mbili.

Wiki ya tatu: siku mbili za kazi tu. Aondoke mapema. Aachane na barabara kuu kila panapokuwa na njia ya ndani, hata kama ni ndefu zaidi.

Kwenye vituo vya daladala asipite kushoto ya gari linaloshusha, mlango unafungukia huko. Asubiri, au apite kulia akishahakikisha nyuma kupo salama. Kifua kikibana, kizunguzungu au pumzi kukata kupita kawaida: ashuke, akae kivulini, na siku hiyo hiyo aende hospitali. Hilo halina mjadala.

ORODHA YA KUPIGA CHAPA

Nakili hapa chini, piga chapa karatasi moja, weka mfukoni uende nayo dukani:

1. Amepima presha?
2. Nyayo zote zinafika chini akisimama?
3. Anapanda na kushuka mara kumi bila kushikwa?
4. Kisigino kwenye pedali, mguu unanyooka?
5. Vidole vyake vinabana breki zote mbili?
6. Namba ya tairi ni ngapi, na fundi wa mtaani anayo?
7. Rimu haiyumbi, pedali haichezi, fremu haina mkunjo?
8. Namba ya fremu ipo kwenye risiti?
9. Hela ya taa, kioo na kufuli imebaki?
10. Rangi anaipenda? (Ndiyo, iwe ya mwisho, lakini muulize. Ni baiskeli yake.)

Uwanja ni wenu wadau. Wa Shinyanga na Kahama najua mna la kusema kuhusu baiskeli, wa Ukerewe pia. Mafundi mkipita hapa, tuambieni spea gani siku hizi ni feki na tunazitambuaje. Na kama mama yako au baba yako amerudi kwenye baiskeli baada ya miaka mingi, tuandikie ni ipi, njia ipi, na kama bado anaipanda. Matusi sitayaruhusu, ubishi ruksa.